MTO HUDAI NJIA YAKE
Kwa nini watu hukaa ukingoni, na hali wanajua ya kuwa mito hufurika?

Kila mwaka masika yanapokaribia, katika Ruiru, Thika, Juja na vitongoji vyake, kama vile Kimbo, watu hutazama mawingu ya upande wa milima ya Nyandarua. Mkulima huyatazama kwa furaha, maana mahindi na maharagwe yamekwisha kupandwa. Mwenye nyumba iliyo bondeni huyatazama kwa wasiwasi kidogo, kisha husema moyoni mwake, "Mwaka jana maji hayakufika hapa," akalala usingizi.

Katika makala hii twataka kueleza jinsi watu wakaao karibu na mito waionavyo hatari ya mafuriko na ya kuliwa kwa kingo za mito, na kwa nini waionavyo hivyo. Jambo hili si dogo. Katika masika ya mwaka 2024 watu zaidi ya 200 walikufa katika nchi ya Kenya kwa ajili ya mafuriko, na maelfu ya jamaa waliachwa bila makao. Wengi wa waliokufa walikuwa watu wenye akili timamu waliojua ya kuwa mto u karibu. Basi si haki kusema kwamba walikuwa wajinga. Yafaa tuulize walikuwa wakifikiri nini.

MITO YETU HUTOKA WAPI NA KWENDA WAPI

Mto Ruiru, Mto Theta na Mto Ndarugu yote huteremka kutoka nyanda za juu zilizo upande wa magharibi, hupita kati ya mashamba ya chai na ya kahawa, kisha huingia katika Mto Athi. Athi nao huzunguka nchi ya Ukambani, hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho huingia baharini kaskazini ya Malindi. Mito ya Chania na Thika hukutana karibu na mji wa Thika, na maji yake huenda katika Mto Tana.

Kwa hiyo mtu wa Ruiru hapati mvua ya Ruiru peke yake. Mvua ikinyesha usiku kule Githunguri au juu zaidi, huenda mtu wa bondeni akaamka asubuhi, jua linawaka na udongo wa uani ni mkavu, lakini mto umejaa. Hili ni jambo la kwanza ambalo wageni wengi hawalijui: kwamba mto waweza kufurika siku isiyo na mvua mahali pale wakaapo.

Neno la pili ni la paa na lami. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Basi nyumba yenye paa la mita 10 kwa mita 10, ikipata mvua ya milimita 50 kwa siku moja, humwaga lita 5,000. Zamani, pale palipokuwa shamba la kahawa, sehemu kubwa ya maji hayo ilizama ardhini polepole. Leo mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamekatwa kuwa viwanja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa 490,120. Nyumba elfu moja zenye paa kama lile humwaga lita milioni tano kwa siku ile moja, na yote hukimbilia mtaroni, na kutoka mtaroni hukimbilia mtoni. Mto ni ule ule wa zamani, lakini mzigo wake umeongezeka.

WAZEE WALIJENGA MGONGONI

Mtu akiitazama nchi ya Wakikuyu kutoka juu ataona migongo mirefu ya ardhi, na kati ya mgongo na mgongo pana bonde lenye mto. Tangu zamani wenyeji walijenga nyumba zao juu ya migongo. Bondeni walipanda nduma, yaani majimbi, na miwa. Walikwenda huko kuteka maji na kunywesha wanyama, na jioni walipanda tena kurudi nyumbani. Nduma hazidhuriki upesi maji yakipanda, na kama zikichukuliwa na maji, hasara ni ya mazao, wala si ya watoto waliolala.

Hatuna haja ya kusema kwamba wazee wale walikuwa na elimu ya kupima mito. Mpango wao wenyewe ulikuwa elimu. Ulimpa mto nafasi yake.

Leo mambo yamegeuka. Kiwanja cha mgongoni kina bei kubwa, na cha bondeni ni rahisi. Tuseme kijana mmoja mfanyakazi amenunua kiwanja cha bondeni, naye amekuja siku ya Jumamosi kupima msingi. Hapo amkuta bibi mzee akichimba nduma.

"Habari za shamba, nyanya?"

"Njema, mwanangu. Ni wewe uliyenunua hapa?"

"Ndiyo, nyanya. Nataka kuanza kujenga kabla ya mvua."

"Ulikuja kupaona mwezi gani?"

"Mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili mto huwa umelala. Ungalikuja mwezi wa nne au wa tano."

"Je, nyanya, umepata kuona maji yakifika mahali hapa?"

"Unauona mti ule, pale nyuma yako? Maji yalipita nyuma ya mti ule."

Mazungumzo kama haya yangeweza kuokoa fedha na maisha ya watu. Lakini mara nyingi hayafanyiki, maana mnunuzi humwuliza muuzaji, wala hamwulizi bibi wa shambani. Na muuzaji huonyesha kiwanja wakati wa kiangazi.

KUMBUKUMBU NI FUPI

Mwaka 1961 ilinyesha mvua kubwa sana katika Afrika ya Mashariki. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na mwaka 1964. Baadaye ziwa lilishuka, na watu wakajenga nyumba, mahoteli na masoko katika ardhi iliyoachwa. Mwaka 2020 ziwa likarudi kufika kimo kile kile cha 1964, na waliojenga huko wakashangaa kama kwamba jambo jipya limetokea. Ziwa halikuchukua kitu cha mtu. Lilirudi mahali pake.

Mito nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa haraka zaidi. Walioona mvua za 1961 sasa ni wazee. Walioona mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 wangali wengi, lakini wakaaji wapya wa vitongoji vya Ruiru wametoka kila upande wa Kenya, nao hawakuwako hapa wakati ule.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Kates, alichunguza jambo hili katika mji mdogo wa Tennessee, na mwaka 1962 akatoa kitabu. Aliona kwamba watu wa bondeni huipima hatari kwa furiko waliloliona wao wenyewe. Aliyeona maji yakifika gotini huweka bidhaa zake juu ya goti, akajiona salama. Haamini ya kwamba maji yaweza kufika dirishani, maana hakuyaona. Hivyo hata watu wa nchi tajiri na wenye shule nyingi hufikiri kama sisi tufikirivyo. Ni tabia ya wanadamu wote.

Wataalamu nao mara nyingine huongeza mashaka kwa maneno yao. Husema, "Hili ni furiko la miaka mia." Mwananchi husikia ya kuwa, likiisha kuja mwaka huu, halitarudi ila baada ya miaka 100. Maana yake siyo hiyo. Chukua kikapu chenye punje 100 za mahindi, 99 nyeupe na moja nyeusi. Kila mwaka funga macho, utoe punje moja, uitazame, kisha uirudishe kikapuni. Waweza kutoa punje nyeusi mwaka huu, na ukaitoa tena mwaka ujao. Na mtu akaaye katika nyumba yake miaka 30, akitoa punje kila mwaka, ana bahati mbaya moja katika nne, au zaidi kidogo, ya kuipata ile nyeusi. Hakuna mtu ambaye angepanda basi ikiwa aambiwa kwamba safari moja katika nne huisha kwa ajali.

MTO NI RAFIKI PIA

Ingekuwa kosa kudhani kwamba watu hukaa mtoni kwa sababu ya umaskini tu. Mto hulisha watu. Katika Mto Tana, Wapokomo tangu zamani hungojea maji yapande ili walime mpunga na kupanda ndizi katika udongo mpya ulioletwa na mto. Mwaka ambao mto haukupanda ni mwaka wa njaa. Katika Rufiji ya Tanzania kuna kilimo kiitwacho mlau, yaani kupanda katika ardhi iliyoachwa na maji yanapopungua. Na wakulima wa huko hujenga madungu, ndivyo vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wapate kulinda mazao yao. Huko Bangladesh watu wana majina mawili: moja la furiko jema la kila mwaka liletalo rutuba, na jingine la furiko baya liletalo msiba.

Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania ilianza kuwahamisha watu wa bonde la Rufiji kuwapeleka vijiji vya juu, baada ya mafuriko. Mpango huo uliitwa Operesheni Rufiji. Watu walipata shule na zahanati, lakini mashamba mema yalibaki bondeni. Kwa hiyo wengi walirudi huko kulima, na kukaa katika madungu wakati wa kazi. Hapa pana funzo: ukimwondoa mtu penye hatari, nawe hukumpa njia nyingine ya kupata chakula, atairudia hatari ile kwa miguu yake mwenyewe, naye ana sababu.

UKINGO HULIWAJE?

Furiko huonekana na kila mtu. Kuliwa kwa ukingo huonekana na wachache, maana huja polepole. Mwaka huu mto umechukua hatua moja ya shamba, mwaka ujao nusu hatua, mwaka wa tatu haukuchukua kitu. Hati ya shamba bado yasema eneo lile lile, lakini shamba lenyewe limepungua. Kisha, katika usiku mmoja, hatua tano huanguka pamoja.

Sababu yake ni hii. Mto ukipinda, maji ya upande wa nje wa pindo hukimbia kwa nguvu, na yale ya upande wa ndani huenda polepole. Kwa hiyo upande wa nje huchimbwa, na upande wa ndani hupata mchanga. Maji hayachimbi juu, huchimba chini, miguuni mwa ukingo. Juu majani yangali mabichi na mtu aweza kusimama, lakini chini yake ni pango.

Tena, ukingo mara nyingi hauanguki wakati maji yamejaa, bali yanapokwisha kushuka. Wakati wa furiko udongo hulowa ukawa mzito, lakini maji ya mto huuegemeza kama mkono. Maji yakishuka, mkono umeondolewa, na uzito umebaki. Ndipo udongo unapoporomoka. Watu wengi hudhani hatari imekwisha siku ile maji yanapopungua. Wakaenda ukingoni kutazama, kufua nguo, au kutafuta vitu vilivyochukuliwa. Siku mbili tatu baada ya furiko ndizo siku za kukaa mbali na ukingo.

Mambo matatu huharakisha kuliwa kwa ukingo: kulima mpaka kwenye maji, kukata miti na majani ya ukingoni, na kuchimba mchanga mtoni. Mwenye kuchimba mchanga hupata fedha leo. Jirani yake wa upande wa chini hupoteza shamba kesho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

UKUTA NA BWAWA HUPUNGUZA HOFU

Katika Budalang'i, mahali ambapo Mto Nzoia huingia Ziwa Victoria, yalijengwa matuta makubwa ya udongo kuzuia maji. Matuta hayo yamesaidia miaka mingi, lakini pia yamepasuka mara kwa mara, kama mwaka 2007, na watu waliokuwa nyuma yake walipatwa kwa ghafula. Ukuta huondoa mafuriko madogo, na mafuriko madogo ndiyo yanayomkumbusha mtu hatari. Akikaa miaka kumi bila kulowa, husahau, akajenga karibu zaidi. Hata ukuta ukivunjika hasara ni kubwa kuliko ya zamani.

Mabwawa pia yataka kuangaliwa. Tarehe 9 Mei, 2018, bwawa la Patel huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru, lilipasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40. Na huko Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, 2024, watu walidhani bwawa limepasuka, kumbe maji yalikuwa yamezuiliwa na takataka, miti na mawe katika mfereji upitao chini ya tuta la reli, kisha yakapenya yote pamoja. Watu kadiri ya hamsini walikufa. Basi mfereji ulioziba waweza kuwa bwawa ambalo halina mlinzi wala jina.

NENO LA SERIKALI NA NENO LA JIRANI

Watu wengine huuliza, "Mbona Serikali ikionya, watu hawasikii?" Jibu moja ni historia. Katika mwaka 1947, huko Murang'a, watu walikataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na wanawake walikuwa mbele katika kukataa huko. Matuta yenyewe ni jambo jema. Leo wakulima wengi wa Ukambani na Kikuyu huchimba matuta ya fanya juu kwa hiari yao. Lakini wakati ule kazi ilikuwa ya amri, bila malipo, na watu walishuku kwamba ardhi itachukuliwa. Ushauri mwema uliotolewa kwa fimbo huonekana kuwa uadui.

Jambo hilo halijaisha. Mwaka 2024 wakaaji wa karibu na mito na mabwawa waliambiwa wahame upesi, na nyumba nyingi za ukingoni katika Nairobi zikabomolewa. Mtu aliyelipa fedha zake zote kwa ajili ya kiwanja, na ambaye hana mahali pa kwenda, huiogopa tingatinga kuliko mto, kwa kuwa tingatinga huja na tarehe, na mto hauna tarehe. Tena sheria zenyewe humchanganya. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilisema ukingo wa kuachwa usiwe chini ya mita 6 wala usizidi mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto; na kanuni za kilimo zilianzia mita 2. Mnunuzi asiye na wakili atajuaje ni kipimo kipi?

Kwa hiyo onyo husikiwa zaidi likitoka kwa mtu ajulikanaye, likisema jambo moja wazi, na likionyesha mahali pa kwenda. "Mvua kubwa yatarajiwa" ni habari. "Mama Wanjiku, maji yamefika darajani, chukua watoto mwende shuleni" ni onyo.

MAMBO YA KUFANYA

Hatuwezi kumwambia kila mtu ahame. Lakini kuna mambo ambayo kila jamaa yaweza kufanya:

1. Kabla ya kununua kiwanja cha bondeni, kitazame wakati wa masika, na uulize wazee watatu walioishi hapo, kila mmoja peke yake, maji yalifika wapi.

2. Weka alama. Furiko likiisha, pigeni mstari wa rangi ukutani mwa shule, kanisa, msikiti au nguzo ya daraja, na kuandika mwaka. Watoto watakaozaliwa baadaye watasoma kumbukumbu ambayo wazee wao hawatakuwako kuisimulia.

3. Pima ukingo. Piga kigingi hatua kumi kutoka ukingoni, ukapime umbali wake kila mwaka baada ya masika na baada ya vuli. Ukiona umepungua, usingoje.

4. Acha majani na miti ya ukingoni. Mianzi na majani ya nepia hushika udongo, na nepia hulisha ng'ombe pia. Usilime mpaka kwenye maji.

5. Zibueni mitaro na mifereji ya chini ya barabara kabla ya mwezi wa tatu na kabla ya mwezi wa kumi. Kazi hii ni ya mtaa mzima, wala si ya mtu mmoja.

6. Patana na rafiki au ndugu akaaye upande wa juu wa mto, akupigie simu akiona maji yamepanda. Simu moja yaweza kukupa saa nzima ya kuondoka.

7. Usivuke maji yanayokwenda kasi. Maji ya kufika kifundo cha mguu yaweza kumwangusha mtu mzima, na ya kufika gotini yaweza kuchukua gari. Tarehe 4 Desemba, 2021, katika Mto Enziu wa Kitui, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kuvuka. Zaidi ya watu 30 walikufa. 

Hayo si mambo ya gharama kubwa. Yataka macho, kumbukumbu na ujirani. Mto hauna chuki na mtu, wala haumpendelei mtu. Una njia yake ya kiangazi, nyembamba, ambayo sisi sote twaijua. Na una njia yake ya furiko, pana, ambayo huitumia mara chache. Mwenye busara huuliza njia ile ya pili ilipo kabla hajachimba msingi, naye akiisha kuijua, humwambia na jirani yake.